Kung'atuka na Ukomo: Mjadala wa Muda wa Urais katika Tanzania

Lugha ya taifa hukua pamoja na mambo yanayolipata taifa lenyewe. Azimio la Arusha la 1967 liliyapa maneno kama ujamaa na kujitegemea uzito ambao hayakuwa nao hapo kabla. Katika miaka ya 1980 Kiswahili kilipata neno jingine lililotokana na siasa za nchi, nalo ni kung'atuka. Asili ya neno hili ni Kizanaki, lugha ya wenyeji wa sehemu ya Mkoa wa Mara, na aliyelileta mbele ya umma ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alipokuwa akiwaandaa wananchi kuupokea uamuzi wake wa kuacha urais.

Si kwamba Kiswahili kilikuwa maskini wa maneno ya kuondoka madarakani. Tulikuwa nayo kujiuzulu, kustaafu, kuachishwa na kupinduliwa. Lakini anayejiuzulu mara nyingi hudhaniwa kuwa amekosa au amekosana na wenzake. Anayestaafu amefikiwa na umri uliowekwa na mwajiri. Anayeachishwa ameondolewa na mkubwa wake. Na anayepinduliwa ameondolewa kwa nguvu. Hapakuwa na neno la mzee anayeinuka kitini kwa hiari yake, angali na heshima na akili timamu, ili waliomfuata kwa rika wapate kukaa. Neno kung'atuka lilikuja kuijaza nafasi hiyo.

Katika miaka ile ile liliingia jambo la pili, ambalo watu wengi hulichanganya na la kwanza. Jambo hilo ni ukomo wa urais, yaani sheria inayomkataza mtu yeyote kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara 2. Kung'atuka ni tendo la mtu. Ukomo ni amri ya sheria. Kung'atuka hutegemea wema wa kiongozi. Ukomo umewekwa kwa ajili ya siku ambayo wema huo hautakuwapo. Madhumuni ya insha hii ni kueleza jinsi mambo haya mawili yalivyolifikia taifa letu, hoja zilizoshindana juu yake, na kwa nini mwalimu anapaswa kuyatenganisha anapowafundisha vijana.

Mila Mbili za Uongozi

Wako wanaosema kwamba kumwekea kiongozi muda ni desturi ya kigeni, na kwamba mkubwa wa Kiafrika hukaa mpaka kufa. Usemi huu una ukweli nusu. Katika jamii nyingi zilizokuwa na watemi na wafalme, ni kweli kwamba kiti kiliachwa kwa kifo. Baba yake Mwalimu mwenyewe, Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, alibaki katika utemi hadi alipofariki mwaka 1942, na akarithiwa na mwanawe, Edward Wanzagi.

Hata hivyo bara letu lilikuwa na mila ya pili, nayo ni mila ya marika. Katika mila hii uongozi haukuwa mali ya ukoo mmoja, bali zamu ya watu wa umri mmoja. Wamaasai huliondoa rika la morani katika ujana kwa sherehe ya eunoto na kulisogeza mbele kuelekea uzee, ili rika jipya lichukue kazi ya ulinzi. Wakikuyu walikuwa na desturi ya ituika, ambayo kwayo kizazi kimoja kilikikabidhi kingine madaraka ya nchi. Waoromo wa Ethiopia na kaskazini ya Kenya wana mfumo wa gada, ambao ndani yake uongozi hushikwa kwa miaka 8 na kisha hukabidhiwa kwa rika lingine. Jamii kadhaa za Mara, wakiwemo Wazanaki, nazo zilijipanga kwa marika.

Kwa hiyo Mwalimu, ambaye alikuwa mtoto wa mtemi, hakuchukua neno lake katika mila ya utemi. Alilichukua katika mila ya wazee wa rika. Hili si jambo dogo. Serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imekwisha kuufuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini kuufuta utemi katika sheria si sawa na kuufuta katika mawazo ya watu. Kiongozi wa Jamhuri anaweza kupewa heshima za mtemi, akasifiwa kama mtemi, na hatimaye akadhaniwa kuwa hana budi kukaa kama mtemi. Mjadala wa ukomo wa urais, ukiutazama kwa undani, ulikuwa pia mjadala wa kuchagua mila ipi kati ya hizo mbili itufae katika kuiongoza Jamhuri.

Katiba Isiyokuwa na Ukomo

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Mwalimu akawa Waziri Mkuu. Haukupita muda mrefu, mnamo Januari 1962, akajiuzulu na kumwachia Rashidi Mfaume Kawawa nafasi hiyo, ili yeye akaimarishe chama cha TANU. Tendo hilo la mwanzo linafaa kukumbukwa, kwani linaonyesha kwamba mawazo ya kuacha cheo hayakumjia katika uzee. Mwaka huo huo aligombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress, akashinda kwa kura nyingi mno, na tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri.

Katiba ya Jamhuri ya 1962 ilimpa Rais madaraka makubwa, lakini haikusema achaguliwe mara ngapi. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964, ilifuata Katiba ya Muda ya 1965, iliyoifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Nayo haikuweka ukomo. Katiba ya 1977, iliyotungwa baada ya TANU na Afro-Shirazi Party kuungana kuwa Chama cha Mapinduzi tarehe 5 Februari mwaka huo, pia ilinyamaza juu ya jambo hilo.

Katika chaguzi za 1965, 1970, 1975 na 1980 mgombea wa urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alitakiwa kusema Ndiyo au Hapana. Kila mara Ndiyo zilikuwa nyingi sana. Hapana shaka kwamba wananchi wengi walimpenda Mwalimu kwa dhati. Lakini tuulize swali ambalo mwanafunzi makini hana budi kuliuliza: katika utaratibu huo, ikiwa siku moja angepatikana Rais asiyependwa, angeondokaje? Chama kilikuwa kimoja, mgombea alikuwa mmoja, na mwenyekiti wa Chama kilichoteua jina la mgombea alikuwa Rais huyo huyo. Mlango wa kuingilia ulikuwapo. Wa kutokea haukuonekana. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba madaraka aliyopewa na Katiba yalitosha kumfanya awe dikteta kama angependa. Hayo ni maneno mazito kutoka kwa mwenye madaraka yenyewe. Maana yake ni kwamba kilichokuwa kikiwalinda wananchi hakikuwa sheria, bali tabia ya mtu mmoja.

Mjadala wa 1983

Baada ya uchaguzi wa 1980 ilifahamika kwamba Mwalimu hakukusudia kuendelea baada ya 1985. Mapema mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, na wananchi wakatakiwa wayajadili kwa muda wa mwaka mzima. Mapendekezo yalihusu mambo makubwa 5: madaraka ya Rais, madaraka ya Bunge, uwakilishi wa watu katika Bunge, kuuimarisha Muungano, na kuimarisha madaraka ya umma. Suala la kuweka kikomo cha vipindi 2 vya miaka 5 kwa kila Rais lilikuwa ndani ya fungu la madaraka ya Rais.

Tuzitazame hoja za pande mbili. Baadhi yake zilisikika wakati ule, na nyingine zimesikika kila mara suala hili lilipofufuka.

Hoja ya kwanza ya wasiotaka ukomo ni ya uzoefu. Kuongoza nchi ni kazi inayofundishwa na miaka. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kiongozi aliyekwisha kuijua nchi na watu wake, aliyekwisha kukosea na kujifunza, kwa nini afukuzwe na kalenda? Kama yuko mwalimu mzuri shuleni, wazazi hawadai aondoke kwa kuwa amefundisha miaka 10.

Hoja ya pili ni ya uhuru wa mpiga kura. Demokrasia, husema watu hawa, ni wananchi kumchagua wamtakaye. Sheria inayowakataza kumchagua mtu wamtakaye huwapunguzia haki yao. Wasipomtaka, si watampigia kura ya Hapana?

Hoja ya tatu ni ya umoja. Taifa changa lenye makabila zaidi ya 100 lahitaji mtu mmoja wa kulishika. Akiondoka mlezi, watoto watagombania nyumba. Na hoja ya nne, iliyo ndugu ya hiyo, ni ya kazi isiyokwisha: mipango mikubwa ya nchi haimaliziki katika miaka 10, na anayekuja aweza kuyatupa yote aliyoyakuta.

Hoja hizi si za kupuuzwa, na mwalimu asiwafundishe vijana kuzicheka. Lakini zina majibu.

Kuhusu uzoefu, twaweza kujibu kwamba uzoefu wa mtu mmoja unapokuwa ndio akiba pekee ya taifa, taifa hilo limo hatarini, kwani mtu huugua na mtu hufa. Busara ni kuufanya uzoefu uwe mali ya wengi, na wengi hawawezi kuupata mpaka wapishwe. Wahenga hao hao walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ama mfano wa mwalimu wa shule, yeye ana mkuu wa shule juu yake, na mkuu wa shule ana mkaguzi. Rais hana mkaguzi ila Katiba na wananchi.

Kuhusu uhuru wa mpiga kura, jibu liko katika jinsi kura inavyopatikana. Mtu aliyekaa muda mrefu katika dola ndiye anayewateua wakuu wa mikoa na wa wilaya, wakuu wa majeshi na wa mashirika ya umma. Kila mwenye cheo humwona yeye kuwa ndiye chanzo cha cheo chake. Katika hali hiyo ni vigumu kumpata mtu wa kusema Hapana kwa sauti. Badala yake huja sifa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukomo haumnyang'anyi mpiga kura haki yake. Unamhakikishia kwamba kila baada ya muda fulani atakuwa na uchaguzi wa kweli baina ya watu wapya.

Na kuhusu umoja na kazi isiyokwisha, jibu ni kwamba hakuna kizazi kilichowahi kumaliza kazi ya taifa. Umoja unaomtegemea mtu mmoja huzikwa pamoja naye, ila umoja uliojengwa katika sheria na desturi huwapokea wapya na kuwaaga wa zamani bila kutikisika. Kukabidhiana madaraka kwa amani ni zoezi; nchi isiyolifanya haiwezi kulijua siku itakapolihitaji.

Gharama za Mjadala

Ingekuwa kosa kumwachia mwanafunzi picha ya mjadala uliokwenda kama maji ya mto. Kule Zanzibar mjadala wa 1983 uligusa muundo wa Muungano wenyewe, na hali ya hewa ya kisiasa, kama ilivyosemwa siku zile, ikachafuka. Mnamo Januari 1984 Alhaji Aboud Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake za Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na Makamu wa Mwenyekiti wa Chama. Alhaji Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi wa Zanzibar. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, ambaye wengi walimtazama kuwa huenda angemrithi Mwalimu, alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Mkoa wa Morogoro. Nchi ilikuwa pia katika dhiki ya uchumi iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bidhaa zilikuwa adimu madukani.

Mtu aliyetafuta kisingizio cha kubaki angevipata vingi katika mwaka huo mmoja: Muungano umetikisika, mrithi amekufa, uchumi umeanguka. Ni nadra kwa kiongozi kupewa sababu nzuri kiasi hicho za kusema kwamba wakati haujafika. Mwalimu hakuzitumia.

Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Tano ya Katiba kwa Sheria Na. 15 ya 1984. Mabadiliko hayo hukumbukwa zaidi kwa kuingiza haki za binadamu katika Katiba, lakini ndiyo pia yaliyoweka kwamba hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara 2 kushika kiti cha Rais. Katiba mpya ya Zanzibar ya 1984 nayo ikaweka ukomo kama huo kwa Rais wa Zanzibar.

Mwaka 1985 Chama kilimteua Mwinyi kuwa mgombea, akachaguliwa, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 63. Alikuwa Rais kwa karibu miaka 23. Kiongozi mwenye tamaa angeweza kudai kwamba sheria mpya haihesabu miaka ya nyuma, na kwamba vipindi vyake 2 ndiyo kwanza vinaanza. Hoja ya namna hiyo imetumiwa na viongozi wa nchi nyingine. Kwa hiyo ndani ya miaka miwili taifa lilipata vitu viwili: mfano wa mtu aliyeondoka bila kulazimishwa, na sheria ya kumlazimisha asiyetaka kuondoka.

Twapaswa pia kusema, kwa uaminifu wa historia, kwamba kung'atuka huko hakukuwa kwa mara moja. Mwalimu aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na katika nchi ya chama kimoja mwenyekiti si mtu mdogo. Wako waliosema kwamba alihitajika abaki ili kuyashikilia mabadiliko, na wako waliosema kwamba jahazi moja lilikuwa na manahodha wawili. Vyovyote tutakavyoamua, jambo hili laonyesha tofauti niliyoitaja mwanzoni. Kung'atuka kwa hiari humwachia mwenyewe nafasi ya kuchagua lini na kwa kiasi gani. Ukomo wa sheria haumwachii nafasi hiyo.

Mtihani wa Sheria

Sheria haijulikani nguvu yake mpaka imguse mtu. Ukomo wa 1984 haukumgusa Mwalimu, kwani alikuwa amekwisha kuamua. Mtu wa kwanza kuondoka kwa amri ya sheria hiyo alikuwa Mzee Mwinyi. Alichaguliwa 1985 na tena 1990, na ilipofika 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa Rais tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, akamkabidhi nchi Benjamin William Mkapa. Aliishi zaidi ya miaka 28 baada ya hapo, akiwa mzee anayeheshimiwa, hadi alipofariki tarehe 29 Februari 2024. Mkapa naye aliondoka 2005, na Jakaya Mrisho Kikwete akaondoka 2015. Hivyo kuanzia mwisho wa 2015 hadi Mkapa alipofariki Julai 2020, nchi ilikuwa na marais wastaafu watatu walio hai, kila mmoja akilala nyumbani kwake bila hofu. Mwanafunzi aliyezaliwa katika hali hiyo huiona kuwa ya kawaida. Afundishwe kwamba si ya kawaida, na kwamba iko mipaka ya karibu ambayo ng'ambo yake haikuwahi kuonekana.

Mtihani mkali zaidi ulikuwa wa Zanzibar. Dakta Salmin Amour alikuwa Rais wa Zanzibar tangu 1990, na muda wake ulikuwa unakwisha mwaka 2000. Wafuasi wake walitaka Katiba ya Zanzibar ibadilishwe ili aweze kugombea kwa mara ya tatu. Mwalimu alikuwa amekwisha kufariki, tarehe 14 Oktoba 1999, kwa hiyo sauti yake haikuwapo tena ya kuutegemea mlango. Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ililikataa ombi hilo, na Amani Abeid Karume akateuliwa kuwa mgombea. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba jambo hili limekwisha kutoka mikononi mwa mtu mmoja na kuwa desturi ya nchi.

Sauti za kutaka kuurefusha muda hazikukoma. Mwaka 2017 palitolewa wazo bungeni la kukifanya kipindi kiwe cha miaka 7 badala ya 5, na mwaka uliofuata Rais John Pombe Magufuli akatangaza kwamba hana nia hiyo. Alifariki akiwa madarakani tarehe 17 Machi 2021. Hata kwa msiba kama huo Katiba ilikuwa na hesabu yake tayari: Makamu anayeshika urais kwa muda unaopungua miaka 3 anaweza kugombea mara 2, bali akiushika kwa miaka 3 au zaidi anaweza kugombea mara 1 tu. Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, hapakuwa na haja ya kubishana juu ya hesabu hiyo. Uzuri wa sheria iliyotungwa mapema ni huu: iliandikwa kabla jina la mtu halijajulikana, kwa hiyo haikuandikwa kwa kumpenda wala kwa kumchukia mtu.

Majirani na Sisi

Kama yuko anayedhani kwamba tunabishana juu ya maneno ya wanasheria tu, na aitazame Burundi. Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa nchi hiyo tangu 1996 hadi kifo chake, na Nelson Mandela akaipokea kazi hiyo. Mkataba wa amani uliotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kwamba mtu asiwe Rais wa Burundi kwa zaidi ya vipindi 2. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza aligombea kwa mara ya tatu. Waliomtetea walisema kwamba kipindi cha kwanza, cha 2005, hakihesabiki kwa kuwa alichaguliwa na Bunge, si na wananchi moja kwa moja. Ubishi juu ya hesabu ya vipindi ukageuka kuwa maandamano, risasi na jaribio la mapinduzi. Watu wakakimbia. Walifika kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wakashambuliwa na kipindupindu, na meli kongwe ya Liemba ikawabeba kuwapeleka Kigoma. Kabla mwaka haujakwisha, waliovuka na kuingia Tanzania walikuwa zaidi ya 100,000.

Uganda iliweka ukomo wa vipindi 2 katika Katiba yake ya 1995, na mwaka 2005 Bunge likauondoa. Kenya iliuweka mwaka 1992, Rais Daniel arap Moi akiwa amekwisha kukaa tangu 1978. Miaka yake ikahesabiwa upya kuanzia hapo, na mwaka 2002 akaondoka kwa amani. Mifano hii yatufundisha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Katika nchi zote hizi maandishi yalifanana sana. Kilichotofautiana ni kama chama, Bunge, mahakama, majeshi na raia walikuwa tayari kusema, wakati ulipofika, kwamba hesabu ni hesabu.

Wala tusifanye ukomo kuwa dawa ya kila ugonjwa. Ukomo haumzuii Rais kutumia vibaya miaka 10 aliyopewa. Haupigi vita rushwa kwa niaba yetu, wala hauhakikishi kwamba kura zitahesabiwa kwa haki. Tena una usumbufu wake: kila muda wa Rais unapokaribia kwisha, makundi huanza mbio za kumrithi mapema mno. Mwaka 2015 wanachama wa CCM waliorudisha fomu za kuomba uteuzi walikuwa 38. Lakini usumbufu wa watu 38 kugombea kiti kitakachokuwa wazi kwa tarehe inayojulikana ni mdogo kuliko usumbufu wa watu kutojua kama kiti kitakuwa wazi kabisa.

Hitimisho

Ahadi ya mwanachama wa TANU ilikuwa na fundisho kwamba cheo ni dhamana. Fundisho hilo lilikaririwa na watoto wengi shuleni, na si wote waliolitafakari. Dhamana ni kitu cha mtu mwingine ulichowekewa. Sharti lake la kwanza ni kukitunza, na la pili ni kukirudisha. Mtu anayetunza vizuri lakini akakataa kurudisha hawezi kusema kwamba ametimiza dhamana, hata kama alichowekewa kimenenepa mikononi mwake. Kwa hiyo swali la ukomo si swali la kama kiongozi ni mzuri au mbaya. Hata kiongozi mzuri kuliko wote hudaiwa kurudisha.

Ni wajibu wa mwalimu kuwafundisha vijana kumheshimu Mwalimu Nyerere kwa kung'atuka kwake. Lakini heshima hiyo isiwafanye wadhani kwamba nchi husalimika kwa kuwapata watu wema. Mtu mwema wa mwaka 1985 alitambua kwamba hawezi kuurithisha wema wake, ila anaweza kurithisha sheria. Sheria hiyo ililindwa na wajumbe wa kikao cha mwaka 2000, ambao wengi wetu hatuwajui kwa majina. Itahitaji kulindwa tena na watu ambao leo wamo madarasani.

Nao wataanza kujizoeza mahali padogo. Katika serikali ya wanafunzi, katika chama cha ushirika cha kijijini, katika kamati ya msikiti au ya kanisa, yupo mwenyekiti aliyekaa miaka mingi kwa kuwa hakuna anayethubutu kumwambia kwamba muda umekwisha. Kijana anayejifunza kuisoma kanuni ya chama chake cha ushirika, akasimama kwa adabu na kuuliza uchaguzi utafanyika lini, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na Katiba ya nchi mwaka 1984.